Sitaki Daraja

Wiki iliyopita nilikuwa Mafubira kwa binti yangu. Asubuhi nikatoka kununua mkate, nikamkuta mmoja wenu, ninyi madereva wa Mbale, amesimamisha lori kando ya barabara, boneti imefunuliwa, mikono kiunoni, anaitazama injini kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda. Nikamuuliza shida nini. Akasema rejeta imechemka, mzee, nangoja ipoe. Nikaweka kiganja juu ya rejeta. Baridi kama chai ya msibani. Nikaweka tena, maana mimi ni mtu wa mara mbili. Baridi ile ile.

Mbele yake kulikuwa na Jinja, mbele ya Jinja kuna Nile, na juu ya Nile kuna daraja. Jina lake ninalo na namba ya lori ninayo. Sitavitaja hapa. Akitaka niendelee kutovitaja, anajua nyumbani kwangu Nabuyonga, na anajua nakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi.

Nawaandikia nyote kwa ajili yake, kwa sababu hakuna dereva yadini Mbale atakayekubali kwamba anaogopa daraja. Mtakubali mnaogopa wake zenu, mtakubali mnaogopa mbwa. Daraja, hapana. Ikifika Jinja ndiyo rejeta inachemka, tairi linatoa sauti, vumbi linaingia jichoni, mjomba anapiga simu ambayo lazima ipokelewe pale pale. Nimewahi kuzihesabu sababu zenu. Zilikuwa kumi na saba. Nikarudia nikapata kumi na nane, maana nilipokuwa nahesabu mwingine alikuja na mpya. Nazidharau zote, na haki hiyo ninayo: nusu yazo nilizitunga mimi, kabla baadhi yenu hamjazaliwa.

Nimeendesha lori miaka thelathini na moja. Ukihesabu na ule mwaka wa kuosha lori, thelathini na miwili.

Babu yangu alikuja na jeshi kutoka Sudani akabaki. Nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili, kwa hiyo niliingia kazini na faida moja: askari wa barabarani niliongea nao Kiswahili, lugha ya jeshini waliyoiheshimu. Wenzangu wa Kigisu waliisikia lugha hiyo wakakumbuka mambo ya zamani wasiyoyapenda, wakanyamaza. Mimi nilitabasamu na kupita. Faida nyingine sikuwa nayo. Hata gia ya kurudi nyuma nilikuwa naitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele.

Aliyenifundisha ni Okiror. Alikuwa dereva wa magereza, Mteso kwa kabila, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na kulala humo. Alipotoka magereza, Hajati Zamu, mwenye yadi yetu na malori matatu, akamwajiri. Sare alirudisha, lakini jina la Afande alibaki nalo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile kisicho na habari na ngeli. Kila kitu kwake kilikuwa "hii". Hii gari, hii watu, hii maji. Nilijidai kumcheka, mpaka siku aliponiambia "hii breki nakufa" tukiwa tunateremka, nikagundua kwamba sentensi ile ingesemwa kwa ngeli zake zote tungekuwa tumeshafika chini.

Somo lake lilikuwa kofia. Aliiweka juu ya dashibodi, ile kofia yake ya kijani iliyopauka, nami niendeshe. Nikifunga breki vibaya ikaanguka, nasimama, naiokota, naipangusa vumbi, naiomba msamaha. Kofia, si yeye. Ninyi leo mna usukani unaozunguka kwa kidole kimoja na simu inayowaambia kata kushoto. Nani kati yenu amewahi kuomba kofia msamaha? Ndiyo maana mayai yanafika Kampala yameshakuwa kimanda.

Miezi ya kwanza niliendesha kutoka Mbale hadi Jinja tu, kisha Okiror akashika mwenyewe. Madaraja madogo ya njiani hayakunisumbua sana. Hata kwenye bwawa la mafunjo la Mpologoma, maji huyaoni. Unaona majani marefu pande zote mbili, na moyo unadanganyika kwamba ni shamba. Nilikuwa sijui kama nina ugonjwa.

Halafu siku moja, saa nne asubuhi, Okiror akanipa na mvuko wa Nile.

Daraja jipya lilikuwa bado. Tulikuwa tunapita juu ya ukuta wa bwawa la umeme, njia nyembamba, wanajeshi pande zote, hakuna kusimama, hakuna kupiga picha. Nilibeba vitunguu, magunia mia moja na ishirini. Nikaingia. Kushoto ziwa limejaa, limetulia, liko karibu na wewe kama karai. Kulia maji yanaanguka chini kabisa, meupe, yananguruma. Jicho likaona tofauti ya huku na huku, na kichwa kikaniambia barabara imeinama. Nikaona kabisa lori linateremka kwenda kulia. Mguu wa klachi ukaanza kucheza kama cherehani. Kisha ukanyanyuka wenyewe, bila ruhusa yangu, na lori likazima katikati ya Nile.

Okiror akavuta breki ya mkono. Nyuma honi zikaanza. Mwanajeshi akaja akitembea taratibu, bunduki begani, akauliza sababu gani nimesimama hapo. Mimi ulimi ulikuwa umekwenda na yale maji. Okiror akainama mbele yangu, akamjibu kupitia dirisha langu:

"Afande, hii dereva nahesabu kila kitu mara mbili. Nafikiri gunia moja naanguka."

Mwanajeshi akanitazama kwa huruma ile anayotazamwa nayo mwendawazimu mtulivu. Akasema hesabu upesi.

Nikashuka. Nilishukaje sijui. Nikapanda juu ya mzigo na kuanza kuhesabu magunia, safu kwa safu, kwa sauti, huku msururu wa magari unaofika mjini Jinja ukimtukana mama yangu, ambaye hakuwa amemkosea mtu. Nilipofika gunia la arobaini nikagundua mguu umetulia. Kichwa kina mlango mmoja, hesabu na hofu haziwezi kupita pamoja. Nikamaliza mia na ishirini. Mwanajeshi akauliza kama iko sawa. Nikafungua kinywa niseme iko sawa, na yule shetani Okiror akawahi:

"Bado mara ya pili."

Nikahesabu mara ya pili. Niliposhuka, yeye alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Tulipofika ng'ambo, Njeru, akasimama, akavaa kofia yake, akaniambia sasa wewe iko na jina.

Kabla ya wiki kwisha yadi nzima iliniita Mara Mbili. Na hapo ndipo niliposhikwa, maana uongo ukishapewa jina lazima uulishe. Ilibidi nihesabu kila kitu mara mbili mbele za watu. Magunia, chenji, viti vya arusini, mishikaki kwenye sahani. Wachuuzi wa soko la Mbale wakaanza kuniogopa. Mwanamke mmoja wa vitunguu alikuwa akiniona naingia anaongeza fungu kabla sijasema lolote, ili nisianze. Hajati akanipa kazi ya kupokea mizigo kwa sababu halikupotea hata debe moja. Watu wakasema yule Mnubi ana jicho. Wote hao walikuwa wanauheshimu mguu uliotetemeka, na hakuna aliyejua isipokuwa Okiror.

Okiror hakutoa siri bure. Tukakaa Jinja, kwenye kibanda cha chai, tukapatana. Yeye atavusha Nile, kwenda na kurudi, na kwa kila mvuko mimi nitabadilisha tairi moja. Nikamwambia kwenda na kurudi ni safari moja, kwa hiyo tairi moja. Akasema maji napita mara mbili. Nikasema basi tairi moja na nusu. Akauliza nusu ya tairi nabadilisha namna gani. Hapo alinishinda. Matairi hayapasuki kwa mpangilio, lakini Afande hakukubali mapatano yaoze: wiki ambayo hakuna lililopasuka, alinitolea tairi zima, nikalifungua, nikalifunga tena pale pale, yeye amekaa kwenye kopo la rangi akinywa chai.

Kwa hiyo sikilizeni, hili nililipia. Nati za gurudumu usizikaze kwa kuzunguka kama unacheza ngoma. Kaza moja, ruka uende ya upande wa pili, rudi, mpaka zote. Kisha endesha kidogo, simama, kaza tena zote upya. Mara ya kwanza unakaza chuma. Mara ya pili unakaza uongo wa mara ya kwanza. Gurudumu langu halijawahi kuchomoka miaka thelathini na moja, na sababu si akili. Sababu ni mvuko wa Jinja.

Sasa, Hajati Zamu alikuwa amesoma Kenya na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu. Sisi yadini tulisema cheo. Yeye alisema daraja. Siku moja akaniita ofisini, akaniambia kwamba amenunua trela, linakwenda Kampala peke yake na dereva mmoja, na amefikiri, na ameamua.

"Nataka kukupandisha daraja," akasema.

Nawaapia sikusikia cheo. Nilisikia maji. Mguu wa klachi ukacheza pale pale chini ya kiti, ofisini, bila klachi.

"Sitaki daraja, Hajati."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama nimeelewa, kwamba nitapata zaidi, nitaheshimiwa zaidi. Nikasema naelewa, lakini daraja sitaki, natosheka na nilipo. Akavua miwani. Nikaona machozi yanamlengalenga. Akasema miaka yote ya kufanya biashara hajawahi kukutana na mtu wa namna hii. Trela akampa mwingine.

Ijumaa iliyofuata khatibu, bila kutaja jina lakini huku akinitazama, akatoa khutba kuhusu mja aliyeletewa daraja akalikataa, asiyetaka makuu. Watu wakanipa mikono nje ya msikiti. Wazee wakaniombea dua. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

"Mtu asiyetaka makuu," akasema, "hawezi kugombana na muuza nyanya saa nzima kwa nyanya moja. Umeogopa nini?"

Nikamwambia nenda kaulize kwa khatibu. Na hapo ndipo ninapowaonya: msimwamini mtu mnyenyekevu mpaka mjue anakwepa nini.

Nilitafuta dawa, msidhani sikutafuta. Mganga mmoja wa Namatala aliniambia nilete kuku mweupe na nimeze kokoto iliyotoka mtoni. Tukapatana mpaka kuku akawa yai. Dawa ilifanya kazi kwa kiwango cha yai. Kokoto ilivuka mto salama, mimi nilivushwa na Okiror kama kawaida. Rafiki yangu akasema nitupe sarafu majini na kuwasalimu wenye mto. Nilitupa sarafu. Wenye mto hawakurudisha salamu wala chenji. Dereva mwingine alinifundisha dawa yake: kutafuna mairungi, ile miraa, kufungua redio mpaka mwisho, na kukanyaga mafuta ili daraja liishe kabla hofu haijafika. Huyo ndiye ninayemdharau kuliko wote, na wengi wenu ni watoto wake. Mwoga anayesimama kando na rejeta baridi anapoteza muda wake tu. Mwoga mwenye mwendo anapoteza watu wengine.

Kisha likajengwa daraja jipya, lile la nyaya. Mji mzima ulikwenda kupiga picha. Watu walivaa nguo za Idi kwenda kulitazama daraja. Mimi nilivaa nguo za kazi na uso wa matanga. Hajati akaagiza malori yake yote yapite huko.

Kwenye bwawa unajua umekanyaga ukuta. Kule juu unakanyaga nini? Unaning'inia. Nyaya zinapita kwenye kioo moja moja kama mistari ya daftari, na chini, mbali, maji yako kimya, na ukimya ule ulinitisha kuliko mngurumo. Okiror alikuwa ameshazeeka lakini mapatano yalikuwa mapatano. Yeye ashike usukani, mimi nikae kushoto nikihesabu nguzo za taa kwa sauti. Zamani alikuwa ananiambia nifunge domo. Sasa akawa anataka kusikia. "Umefika ngapi?" anauliza. Namwambia sita. Kidogo tena, "Ngapi?" Kumi na moja. Nilijua ananikejeli, nikavumilia.

Kulikuwa na mambo mengine. Pale kibandani alinyoosha mkono kuchukua kikombe akashika hewa. Yadini Mbale aliipa habari za asubuhi pikipiki iliyofunikwa turubai, akiiita mama. Kofia aliacha kuiweka kwenye dashibodi. Nilimcheka kwa yote. Niliona kila kimoja na nilihesabu kila kimoja, lakini sikujumlisha.

Siku yenyewe tulikuwa tumegombana. Alikuwa amenifungulisha tairi zima kabisa, matope hadi kwenye magoti, halafu akasema nati moja imelegea nianze upya. Haikulegea. Nilikuwa nimeikaza mara mbili. Tukaingia kabini tumenuniana, mabati mgongoni, asubuhi nyeupe, tukapanda darajani. Nikaamua nitahesabu kimoyomoyo. Nimkomeshe.

"Ngapi?" akauliza.

Nikatazama nje.

"Ngapi, bwana?"

Nikahesabu nane, tisa, moyoni, mdomo nimefunga. Wakati huo nikaona ukingo wa daraja unakuja kwenye dirisha langu. Haukuja kwa haraka. Ulikuja taratibu, kama mtu anayetaka kuninong'oneza. Kioo cha pembeni kikawa karibu kuugusa. Nikamtazama Okiror. Alikuwa anatazama mbele, ametulia, mikono yote miwili kwenye usukani, kama dereva bora wa Mbale, ambaye alikuwa.

"Afande, kulia," nikasema.

Akavuta kulia, polepole. Akapunguza mwendo mpaka tukawa tunatambaa. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Mimi hapana ona, Mara Mbili. Tangu Pasaka, hii daraja bado nafunguliwa. Hii nyaya naona kama moshi."

Nikamuuliza basi anaendeshaje. Akasema kwenye barabara anaendesha kwa kivuli cha gari la mbele, na mimi ndiye ninayeshika sehemu ndefu. Hapa darajani anafuata hesabu yangu. Alikuwa amelikariri daraja kwa namba zangu. Ikifika namba fulani anavuta kidogo, ikifika nyingine ananyoosha. Mimi nilidhani nahesabu ili nisizimie, kumbe nilikuwa macho ya lori. Na siku niliyonuna, lori likawa halina macho.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikisema, nani navusha wewe?"

Honi za basi nyuma yetu. Nusu ya daraja ilikuwa mbele. Nikafanya hesabu, nayo haikuwa ndefu: kabini ile ilikuwa na dereva asiyeogopa ambaye haoni, na dereva anayeona ambaye anaogopa, na usukani mmoja. Msiniulize ujasiri nilitoa wapi. Sikuutoa popote. Niliogopa daraja kama jana yake, ila nilianza kuyaogopa yale macho zaidi, na mfanyabiashara akiwa na hasara mbili anachukua ndogo.

Nikamwambia simamisha. Nikapita juu ya magoti yake, yeye akasogea chini yangu, wazee wawili tumekunjamana kabini kama nguo kwenye beseni. Nikashika usukani. Mguu wa klachi ulicheza. Nikaweka gia, nikasema kumi, kwa sauti, ijapokuwa sikuwa na hakika ni ya kumi, na lori likaondoka. Nilitazama namba ya nyuma ya gari la mbele, si ukingo, si nyaya, na nikahesabu kila nguzo mpaka zikaisha. Upande wa pili askari wa trafiki akatusimamisha, akauliza sababu gani tulisimama juu. Okiror akawahi, kama zamani:

"Tulikuwa nahesabu mabati."

Tulipotoka Kampala nikarudi nikiwa nimeshika usukani mimi. Nguzo zikawa idadi nyingine. Tangu nishike usukani mimi, sijawahi kupata idadi ile ile mara mbili kwenye daraja lile, na siku hizi sijali.

Mbale nikaenda ofisini kwa Hajati kabla sijanawa mikono. Nilijua naweza kutoka humo sina kazi, tena Okiror hana kazi. Nikamwambia yote: macho, mguu, na ile siku ya kupandishwa daraja. Alisikiliza hadi mwisho. Miwani hakuvua safari hii.

"Kwa hiyo malori yangu," akasema, "yalikuwa yanavushwa Nile na mmoja asiyeona na mmoja asiyetaka kuona. Na mimi nikakulilia."

Nikasema ndiyo.

"Trela liko pale nje. Dereva wake ameacha. Kesho unalipeleka Kampala, peke yako. Na usiniambie hutaki daraja. Nitakutoa meno."

Ndivyo nilivyopandishwa daraja, kama adhabu. Khatibu hakutoa khutba. Okiror alishushwa kwenye usukani siku hiyo hiyo, na Hajati akamsimamia mpaka alipotibiwa yale macho, mtoto wa jicho pande zote mbili. Mimi nikaendesha trela miaka sita, saba ukihesabu na mwaka wa kumfundisha aliyenirithi, na kila mvuko mguu ulicheza. Kwa hiyo akija mtu kuwaambia hofu inakwisha, mwombeni arudishe yai lenu. Chagua gia kabla ya daraja, usiibadilishe juu yake. Tazama namba ya gari la mbele. Hesabu kwa sauti, hata kama uliyekaa naye anacheka. Daraja likitikisika lori kubwa likipita, liache, chuma lazima kipumue. Na kama huwezi, sema huwezi, umpe usukani anayeweza, lakini muulize kwanza kama anaona.

Mambo ya Okiror hayakuishia hapo. Bandeji zilipotoka, akaanza kulalamika kwamba kila mtu amezeeka, hasa mimi. Kisha akasema anataka kuliona daraja. Amelivuka zaidi ya mara hamsini, hajaliona. Nikamchukua kwenye trela, asubuhi nzuri, hakuna ukungu. Akakaa kushoto, pahali pangu. Akavua kofia akaiweka juu ya dashibodi, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, anipime.

Tukaingia. Nguzo ya kwanza, ya pili. Akatazama nyaya. Akafuata nyaya kwa macho hadi juu. Kisha akatazama chini, kupitia dirisha, palipo na maji.

Akarudisha shingo ndani. Nikaona mkono wake umeshika dashibodi kwa nguvu.

"Hii kitu," akasema, "iko juu namna hii?"

"Iko."

"Na mimi napita hapa. Napita hapa kama kipofu."

Nikapunguza mwendo. Nilikuwa na maneno mengi, ya miaka mingi, yamepangwa safu kwa safu kama magunia. Alikuwa amefunga macho, yale macho mapya.

"Mara Mbili," akasema. "Ngapi?"

"Saba," nikasema, kwa sauti. "Nane. Tisa."

Nilihesabu hadi mwisho. Tulipofika Njeru nikasimamisha. Kofia ilikuwa haijaanguka. Akafungua macho, akaangalia nyuma tulikotoka, kisha mbele, kisha akauliza kama kurudi Jinja iko njia ingine.

Nikamwambia njia ni hiyo moja, lakini tunaweza kupatana. Kila mvuko, tairi moja.

Akaniambia matairi yote mazima. Nikamwambia najua.

Akaangalia tena kule tulikotoka. Kisha mzee yule akavaa kofia, akashuka, nikamsikia nyuma ya kabini anatafuta spana.